Mwenyezi ni Mmoja: Tafakari ya Mpenzi wa Mazembe



Jumapili ya Epifania ya mwaka 2025, baada ya Misa, nilisimama na baadhi yenu chini ya mti, karibu na mlango wa kanisa letu hapa Ankoro. Hakuna aliyezungumza habari za Mamajusi. Usiku uliotangulia, Yanga ya Dar es Salaam ilikuwa imeifunga TP Mazembe mabao matatu kwa moja. Kijana mmoja, mwanakwaya hodari, alikuwa ameiacha nyumbani jezi yake yenye mistari myeupe na myeusi, ile anayoivaa kila Jumapili jioni. Alituambia kwamba amempa mdogo wake aivae shambani. Akaongeza kwa uchungu: «Mimi nimehama. Siwezi kupenda timu inayoniaibisha.»

Wengine walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu neno lile lilinigusa mahali panaponiuma. Ninaipenda timu hiyo tangu utoto wangu. Sijawahi kukanyaga uwanja wake wa Kamalondo kule Lubumbashi. Safari ya kutoka hapa, mahali mto Luvua unapokutana na Lualaba, hadi Lubumbashi si safari ya mtu mwenye mfuko kama wangu. Nimeipenda kwa masikio, kupitia redio, na mara chache kwa macho, ndani ya nyumba ya video ambamo jenereta huzima dakika ya themanini. Hata hivyo, furaha zangu nyingi za ujana, na mojawapo ya dhambi zangu zinazonisumbua hadi leo, vimefungamana na timu hiyo. Ndiyo sababu ninawaandikia. Ninataka kutetea wazo moja: kwamba kuipenda timu katika kushindwa kwake ni shule, na kwamba anayehama kila anapoaibika anatoroka shule kabla ya somo kuu kufundishwa.

Asili tuliyoisahau

Wengi wetu tunaijua Mazembe kama timu ya makombe na fedha. Wachache wanakumbuka kwamba ilizaliwa shuleni. Mwaka 1939, wamisionari Wabenediktini waliokuwa wakiendesha Chuo cha Mtakatifu Bonifasi mjini Élisabethville, ambao leo ni Lubumbashi, waliunda timu ya mpira kwa ajili ya vijana wao. Waliiweka chini ya jina la Mtakatifu Georgi, msimamizi wa Maskuti. Hawakuwa wakitafuta kombe la Afrika, maana halikuwako. Walitaka vijana wawe na mahali pa kukimbia, kutii kanuni, na kupokezana mpira pasipo uchoyo.

Katika mwaka uleule wa 1939, katika mji uleule, ilizaliwa timu nyingine, nayo chini ya jina la mtakatifu: Saint-Éloi, yaani Mtakatifu Eligi, msimamizi wa wafua vyuma. Ndiyo Lupopo, timu ya watu wa reli. Tazameni jambo hili la ajabu: timu mbili ambazo mashabiki wake wametukanana kwa zaidi ya miaka themanini ni kama mapacha, waliozaliwa mwaka mmoja na kupewa majina ya watakatifu wawili. Sidhani kwamba huko mbinguni Georgi na Eligi wamenuniana.

Baadaye timu ya Mtakatifu Georgi ilibadilishiwa jina mara kadhaa. Ikaitwa Englebert, jina la kampuni ya magurudumu ya magari. Ilipomaliza ligi bila kushindwa hata mara moja, ikajitwalia sifa ya «Tout Puissant», maneno ya Kifaransa ambayo kwa lugha yetu hatuwezi kuyatafsiri pasipo kutetemeka kidogo, maana maana yake ni «Mwenyezi». Timu iliyoanza kwa jina la mtumishi wa Mungu ikajipa sifa ya Mungu mwenyewe. Najua kwamba ni mzaha wa wapenzi wa mpira, wala sidhani kwamba ni kufuru. Lakini historia ya timu hiyo, ukiisoma vizuri, ni maelezo marefu ya kwa nini sifa hiyo haimfai mwanadamu.

Gurudumu linapozunguka

Mwaka 1967 Englebert ilifika fainali ya Kombe la Mabingwa wa Afrika dhidi ya Asante Kotoko ya Ghana. Mechi ya kwanza ilikuwa sare, bao moja kwa moja. Ya pili sare tena, mawili kwa mawili. Ikapangwa mechi nyingine ya kuamua, lakini Kotoko hawakufika, na kombe likapewa Englebert. Mwaka 1968 wakalitwaa tena mbele ya Étoile Filante ya Lomé, wakawa timu ya kwanza kulihifadhi kombe hilo miaka miwili mfululizo.

Je, walikuwa wenye enzi yote? Mwaka 1969 walifika fainali ya tatu, wakashindwa na Ismaily ya Misri. Mwaka 1970 walifika fainali ya nne mfululizo, na waliokuwa wakiwangojea ni nani? Asante Kotoko walewale. Safari hii Waghana walikuja hadi Kinshasa na kushinda mabao mawili kwa moja, mbele ya watu wetu. Kombe walilolikosa mwaka 1967 bila kushindwa uwanjani, walilichukua miaka mitatu baadaye kwa miguu yao wenyewe. Wazee wanasema: aliye juu mngoje chini.

Kisha ukaja ukame. Mwaka 1980 timu ilipata Kombe la Washindi barani, lakini Kombe la Mabingwa lilibaki hadithi ya wazee. Hebu fikirini urefu wa muda huo: kutoka mwaka 1968 hadi mwaka 2009 ni miaka 41. Mtoto aliyezaliwa siku ya kombe la pili aliweza kukua, kuoa, kuzaa na kuona wajukuu wake kabla ya kombe la tatu. Katika miaka hiyo nchi ilibadilishwa jina mara mbili, migodi ikafifia, treni zikapungua, vita vikaja mara mbili. Watu wetu walipoteza mengi yenye uzito kuliko kombe la mpira. Lakini kila Jumapili kulikuwa na baba fulani aliyefungua redio na kusikiliza timu isiyomletea kombe lile.

Baba wa namna hiyo ndiye aliyenifundisha kupenda. Alikuwa jirani yetu, fundi wa kinga, yaani baiskeli. Hakuwa msomi. Siku moja nilimwuliza kwa nini anaendelea kuipenda timu ambayo utukufu wake ulikwisha kabla sijazaliwa. Alinitazama, akaendelea kukaza nyuzi za gurudumu, kisha akasema: «Mwanangu, mama yako akiugua, unatafuta mama mwingine?» Wakati ule niliona ni jibu la mzee anayekwepa swali. Leo naona kwamba alinipa katekesi nzima.

Mwaka wa furaha, na mwenye kipaji aliyebaki nje

Mnamo Novemba 2009, Mazembe ikiongozwa na Moïse Katumbi, aliyekuwa rais wa timu tangu mwaka 1997, ilipata tena Kombe la Mabingwa. Ilikuwa imefungwa mabao mawili kwa moja kule Nigeria na Heartland. Ikashinda bao moja kwa bila mjini Lubumbashi, na lile bao la ugenini likatosha. Mwaka uliofuata iliifunga Espérance ya Tunis mabao matano kwa bila katika fainali ya kwanza, na sare ya moja kwa moja katika ya pili ikawapa kombe.

Ninyi mliozaliwa mwaka huo hamwezi kujua ilivyokuwa Desemba 2010. Katika Kombe la Dunia la Vilabu mjini Abu Dhabi, Mazembe iliishinda Pachuca ya Mexico bao moja kwa bila. Kisha Internacional ya Brazili mabao mawili kwa bila. Mlinda mlango wetu, Robert Kidiaba, aliruka ruka kwa makalio juu ya majani, na dunia nzima ikacheka pamoja nasi. Tarehe 18 Desemba, Inter Milan ya Italia ikatufunga matatu kwa bila. Hata hivyo, hakuna timu kutoka nje ya Ulaya na Amerika ya Kusini iliyokuwa imefika fainali hiyo kabla yetu.

Lakini ndani ya furaha ile kulikuwa na kiti kimoja kitupu. Trésor Mputu, nahodha na mchezaji mwenye kipaji kikubwa kuliko wote, hakuwa uwanjani. Mapema mwaka huohuo, katika mashindano kule Kigali, alikuwa amemshambulia mwamuzi, na FIFA ikamfungia mwaka mzima. Siku kubwa kuliko zote katika historia ya timu yake ilimpita kwa sababu ya dakika chache za hasira. Simtaji ili nimhukumu. Alitumikia adhabu yake, akarudi, akacheza vizuri tena. Ninamtaja kwa sababu kila mmoja wetu ana Kigali yake. Kipaji hujenga kwa miaka, hasira hubomoa kwa dakika. Tena, timu ilisonga mbele bila yeye: wengine, kama Kaluyituka na Kabangu, walifunga mabao ambayo watu walidhani ni yeye peke yake angeyafunga. Yeyote kati yetu anayejiona kwamba kwaya, kikundi au parokia haviwezi kwenda bila yeye, na aikumbuke Abu Dhabi.

Dhambi yangu ya mwaka 2011

Sasa ninafika mahali panaponiuma.

Mwaka 2011 nilikuwa Kalemie kwa masomo. Mazembe, bingwa mara mbili mfululizo, ilikutana mapema katika mashindano na Simba ya Dar es Salaam. Ilishinda Lubumbashi matatu kwa moja, ikashinda Dar es Salaam matatu kwa mawili. Simba ikatolewa. Lakini Wasimba walipeleka malalamiko: kwamba beki wetu Janvier Besala Bokungu, aliyetokea Espérance, hakuwa na haki ya kuichezea Mazembe katika mashindano hayo. Mwezi wa Mei, Shirikisho la Mpira la Afrika liliamua kwamba malalamiko ni ya kweli. Mazembe ikafukuzwa, na nafasi yake ikaamuliwa baina ya Simba na Wydad ya Casablanca, timu ambayo sisi tulikuwa tumekwisha kuitoa. Wydad ikashinda, ikaendelea hadi fainali.

Katika soko la Kalemie kulikuwa na mfanyabiashara kutoka Kigoma, aliyevuka ziwa akiuza sabuni na vitenge. Nilimwita yaya, naye aliniita mdogo wangu. Alikuwa amenikopesha sabuni mara nyingi nilipokosa faranga, bila kuniandika daftarini. Alikuwa mpenzi wa Simba. Siku ile habari zilipotangazwa redioni, nilikwenda mbele ya meza yake pamoja na wenzangu, nikamwambia mbele ya watu kwamba yeye na ndugu zake ni wezi, kwamba walichoshindwa kukipata kwa miguu wamekiiba kwa karatasi. Tukawaambia wanafunzi wote wasinunue kwake. Hakujibu neno. Alianza tu kukunja vitenge vyake, kimoja kimoja, ingawa jua lilikuwa bado juu. Baada ya wiki chache meza yake ikawa ya mtu mwingine. Sijui kama aliondoka kwa sababu yetu au kwa sababu ya biashara. Ninachojua ni kwamba sikumwomba radhi.

Fikirini sasa, vijana, ni nani aliyekuwa na kosa. Si yule aliyesema ukweli kuhusu karatasi. Kanuni ilivunjwa upande wetu. Lakini katika mwaka mzima ule, sikumsikia mpenzi hata mmoja wa Mazembe, nami nikiwa wa kwanza, akisema: «Tulikosa.» Tulisema kwamba wanatuonea wivu, kwamba wakubwa wa mpira hawampendi Mkongomani, kwamba kuna fedha zimepita chini ya meza. Tulimtafuta mkosaji Tunis, Dar es Salaam na Cairo, hatukumtafuta nyumbani. Tena sisi ni watu ambao katika Misa tunajipiga kifua na kukiri kwamba kosa ni letu wenyewe.

Jiwe walilolikataa waashi

Hadithi haikuishia hapo, na ndiyo sababu ninaamini kwamba Mungu ana ucheshi.

Katika mechi zile mbili dhidi ya Simba, viongozi wa Mazembe walimwona kijana mmoja mshambuliaji upande wa wapinzani. Jina lake Mbwana Samatta. Wakamnunua mwaka huohuo. Mtanzania mwenzake, Thomas Ulimwengu, akajiunga naye. Miaka minne baadaye, mwaka 2015, Mazembe ikafika tena fainali ya Ligi ya Mabingwa, dhidi ya USM Alger. Kule Algiers tulishinda mawili kwa moja, na Samatta akafunga. Mjini Lubumbashi, tarehe 8 Novemba, tulishinda mawili kwa bila, na Samatta akafunga tena. Lile likawa kombe la tano. Januari 2016 alitangazwa kuwa mchezaji bora wa Afrika miongoni mwa wanaocheza barani humu.

Basi mechi zilezile zilizotuletea aibu ya mwaka 2011 ndizo zilizotuletea mtu wa utukufu wa mwaka 2015. Timu tuliyoiita ya wezi ndiyo iliyotulelea mfungaji wetu. Usiku ule wa Novemba, hapa Ankoro, nilipiga kelele hadi sauti ikanikauka. Kisha, katikati ya kelele, nikamwona moyoni mfanyabiashara yule akikunja vitenge vyake. Nilitoka nje nikakaa kando ya mto. Nilikuwa ninashangilia mtoto wa Dar es Salaam kwa midomo ileile iliyomtukana mtu wa Kigoma.

Tazameni pia ni akina nani waliolileta kombe hilo. Pamoja na Wakongomani walikuwapo Wazambia kama Rainford Kalaba, Watanzania, Waghana, Wamali, na Waivori kama Roger Assalé, ambaye alifunga bao la mwisho. Hatukumwuliza hata mmoja kabila la mama yake. Tuliwaita wote «vijana wetu». Mwaka mmoja tu baadaye, katika jimbo letu hilihili la Tanganyika, ugomvi kati ya Waluba na Watwa ulichoma vijiji na kuwakimbiza watu kwa maelfu, hasa mwaka 2016 na 2017. Vijana waliokumbatiana kwa bao la Mtanzania walikataa kukaa kwenye benchi moja na jirani aliyezaliwa upande wa pili wa njia. Ninasema jambo hili kwa huzuni, na ninalisema kwetu sisi tunaokwenda kanisani. Ikiwa moyo unaweza kumpokea mgeni kwa sababu amevaa jezi nyeupe na nyeusi, basi ugumu wa kumpokea jirani hautoki kwenye damu wala kwenye desturi za mababu. Unatoka kwenye uamuzi wetu. Na lililoamuliwa linaweza kuamuliwa upya.

Timu ya leo

Tangu kombe lile, mambo yamepanda na kushuka. Tulipata Kombe la Shirikisho mwaka 2016 na tena 2017. Mwaka 2019 tulifika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa tukazuiwa na Espérance. Mwaka 2024 tulikuwa mabingwa wa nchi kwa mara ya ishirini, tukafika tena nusu fainali ya Afrika, na Al Ahly ikatufunga matatu kwa bila mjini Cairo. Msimu uliofuata tukawa wa mwisho katika kundi letu. Hapo ndipo jezi ya mwanakwaya wetu ilipokwenda shambani.

Lakini je, huyo mwanakwaya alisikia habari za Novemba 2024? Wanawake wa TP Mazembe, mabinti wa nchi hii, walikwenda Moroko, wakacheza fainali ya Ligi ya Mabingwa ya Wanawake dhidi ya AS FAR, timu ya huko huko, wakaishinda bao moja kwa bila. Hapa kwetu sikusikia ngoma hata moja. Nyumba ya video haikufunguliwa. Tulikuwa tukiomboleza mlango mmoja uliofungwa, tusione kwamba binti zetu wamefungua mwingine. Wavulana, ulizeni dhamiri zenu. Nanyi wasichana, msingoje kupewa ruhusa ya kuwa sehemu ya hadithi hii. Ninyi ndio mliotuletea kombe lile.

Mambo matatu ninayoyashikilia

La kwanza: tusiiombee timu ishinde kana kwamba Mungu ni shabiki. Mwaka 1970 akina mama wa Kumasi walisali pia, na machozi yao yalikuwa na chumvi kama yetu. Tuwaombee wachezaji, wa pande zote mbili, wasiumie, wasidanganye, wasichukiane. Paulo Mtume, alipowaandikia Wakorintho juu ya wakimbiaji, hakudharau mbio zao. Alisema tu kwamba taji wanalolitafuta linanyauka. Tupende mpira tukijua kwamba ni majani: ya kijani asubuhi, na jioni yamekauka. Kuna Mmoja tu anayestahili jina la Mwenyezi, naye hana haja ya kombe.

La pili: tujihadhari na dau. Siku hizi, hata katika miji midogo, kijana anatafuta simu ili aweke faranga juu ya matokeo ya mechi. Wengine huniambia kwamba ni namna ya kuipenda timu. Sikubali. Anayeweka dau hana timu. Wiki hii anaombea Mazembe, wiki ijayo anaombea Mazembe ifungwe, kwa sababu hesabu zimebadilika. Mzee wangu wa kinga hakupata hata faranga moja kutokana na mapenzi yake, na ndiyo sababu mapenzi yale hayakuweza kununuliwa. Nimewaona vijana waliotia ada ya shule ya wadogo zao katika mchezo huo. Mtoto aliyebaki nyumbani ndiye aliyelipa.

La tatu: tujifunze kusema «tulikosa». Najua ugumu wake. Wengi watasema kwamba shabiki anayekubali makosa ya timu yake si shabiki wa kweli, na kwamba uaminifu ni kuitetea katika yote. Nimelipima neno hilo, kwa sababu limenitawala miaka mingi. Lakini mzee aliyenifananishia timu na mama mgonjwa hakusema kwamba mama haugui. Mtoto anayekana ugonjwa wa mama yake hamtafutii dawa. Kumpenda mtu, timu, kabila au taifa ni kubaki kando yake na kumwambia ukweli; ukikosa kubaki, ukweli wako ni wa msaliti, na ukikosa ukweli, kubaki kwako ni kwa mwoga. Nchi yetu ina wengi wanaohama na wengi wanaokana. Inawahitaji wanaobaki na kusema kweli.

Kwa hiyo, kijana wangu wa kwaya, nakuomba: mrudie mdogo wako, mwombe ile jezi, uifue. Usiivae kwa sababu timu itashinda mwaka huu. Pengine haitashinda. Ivae siku ya kushindwa, uende hadi kwa yule jirani wa Lupopo au wa Yanga ambaye kicheko chake kinakukera, umpe mkono, umwambie: «Leo mlicheza vizuri kuliko sisi.» Maneno hayo machache yangeniokoa na jambo ninalolibeba tangu Kalemie.

Na kama kuna mmoja wenu anayesafiri kuvuka ziwa kuelekea Kigoma, na akamkuta sokoni mzee mpenzi wa Simba aliyewahi kuuza vitenge na sabuni ng'ambo ya pili, amwambie kwamba kuna mdogo wake huku Ankoro ambaye bado ana deni la sabuni, na deni jingine kubwa zaidi.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Ni mara ngapi tumemtafuta mkosaji mbali, wakati kosa lilikuwa nyumbani kwetu? Toeni mfano kutoka kikundi chenu, si kutoka mpira.

2. Katika kiwanja chetu cha parokia, ni nani ambaye hajawahi kuitwa kucheza? Tutamwita lini, na nani atakwenda kumwita?

3. Je, kuna mtu tuliyemwumiza kwa sababu ya ushabiki, wa mpira au wa jambo lingine, ambaye tungali tunaweza kumwomba radhi kabla meza yake haijawa ya mtu mwingine?